Dereva wa Nguvu Zangu

Jumanne, 4 Machi

Nimedanganya. Saa kumi na moja jioni, sebuleni kwangu, kikombe cha chai mkononi, mbele ya mke wangu na binti yangu.

Kijana anayemchumbia binti yetu alikuja kutusalimia. Kijana mzuri, mpole, anakaa kwenye ncha ya kiti kama anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Mazungumzo yakakauka. Ili kuyamwagia maji kidogo nikamwambia kwamba siku hizi kila Jumamosi nakwenda kutupa visahani. Daktari aliniagiza nitembee kwa ajili ya presha, na kutembea bila sababu kunanichosha roho, kwa hiyo nimechagua mchezo huu: unatupa kisahani cha plastiki uwanjani, unakifuata, unakitupa tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Mwenye mitupo michache ndiye mshindi. Nimekwenda Jumamosi nne, na kisahani cha kuazima.

Kijana akachangamka. Kumbe baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, ni mchezaji wa siku nyingi. "Baba anatupa mita mia na ishirini," akasema. Halafu kwa adabu kabisa: "Na wewe je, baba?"

Jibu la kweli lilikuwa "sijui". Sijawahi kupima. Mimi – mpima ardhi wa miaka ishirini na sita, ninayerudi kwenye kiwanja cha mtu mara ya pili kwa ajili ya sentimita nne.

Nikasema: "Tisini hivi."

Hiyo "hivi" ndiyo inayoniuma. Mpima ardhi hasemi "hivi".

Basi imepangwa. Jumamosi tarehe 29 familia mbili zitakutana kwa mara ya kwanza, kwao, kwenye uwanja ulio karibu na nyumba yao. Tutacheza, mkwe – baba yake kijana – na mimi. Wengine watatazama.

Jumatano, 5 Machi

Nimeuliza uwanjani. Wanasema kisahani cha kuazima ni cha karibu karibu tu. Anayetaka kwenda mbali anahitaji "dereva" – kisahani chembamba chenye ukingo mkali. Kila dereva ana namba ya kasi.

Nikapiga simu duka la michezo. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani yake, pini nne mdomoni, anashona gauni la mteja. Upande wake alisikia hivi: Ndiyo, natafuta dereva. Wa kasi sana. Awe wa nguvu zangu. Hapana, uzito si tatizo, nitamshika kwanza nimwone.

Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa.

"Dereva wa nini, baba watoto, na gari hatuna?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akarudisha pini mdomoni. Sijui kama alikuwa anacheka. Pini zilikuwa zinatikisika.

Alhamisi, 6 Machi

Duka la michezo. Mwenye duka ni mama wa miaka thelathini na kitu, mikono kama ya mtu anayebeba magunia kwa raha yake. Ukuta mzima una visahani, vimepangwa kwa namba.

"Unatupa mita ngapi, mzee wangu?"

"Tisini." Safari hii bila "hivi". Uongo unakomaa haraka.

Akanitazama bega, akashuka mkononi, akafika kwenye kiganja, akarudi begani. Akaweka mbele yangu namba saba. Nikamuuliza namba kubwa kuliko zote ni ipi. Akasema pale dukani ni kumi na tatu, ila hivyo si vya kila mtu. Namba si cheo, alisema, namba ni deni la mkono: kisahani kinataka kurushwa kwa kasi hiyo ndipo kiruke kama kilivyotengenezwa. Kasi ikipungua, kinageuka kushoto na kuanguka.

"Kinageukaje?"

"Kama mtu aliyekumbuka ameacha pasi ikiwaka nyumbani."

Nimenunua kumi na tatu. Cheusi, kina mchoro wa radi. Ukingo ni mpana hata vidole havijui vishike wapi. Lakini mtu akikiona mezani anajua mwenye nacho si wa mchezo.

Jumamosi, 8 Machi

Mitupo ishirini na mbili. Kushoto, kushoto, kushoto. Si kushoto kidogo – kushoto kama askari aliyepewa amri. Kinaondoka vizuri, mbele kabisa, moyo unapanda. Kinafika pale, kinakumbuka pasi, kinakata kona.

Mara ya tisa kiligonga mlango wa bati wa choo cha mlinzi wa uwanja. Sauti kutoka ndani ikasema, kwa utulivu, kuna mtu. Mara ya kumi na moja kikagonga tena. Sauti ikasema, nimesema kuna mtu. Mara ya kumi na nne mlinzi akatoka, akachukua kiti chake, akakisogeza upande wa kulia wa uwanja, akakaa. Afadhali angenigombeza.

Nimegeuza mwili nikalenga kulia ili kikate kuja katikati. Kikaenda kulia. Safari hiyo tu.

Jumatatu, 10 Machi

Tulikuwa tunapima kiwanja cha urithi, ndugu watatu hawasemezani. Tulipomaliza, wenyewe wakaondoka kila mmoja na njia yake, nikabaki na mshika fito wangu. Mshika fito ndiye anayesimama mbali na ile fito nyekundu na nyeupe ili nimlenge kwa mashine. Tuko pamoja miaka kumi na tisa. Anajua mambo yangu mengi kuliko ambavyo ningependa.

Nikamwambia simama pale kisahani kitakapoangukia. Nikatupa. Akaenda kushoto, akasimika fito. Nikalenga mashine.

Sasa, kazini tuna desturi, na mimi ndiye niliyeianzisha: namba ikitoka, mmoja anaisoma kwa sauti, mwingine anairudia kwa sauti, ndipo inaandikwa. Hivyo hakuna makosa. Akaja, akachungulia kioo cha mashine, akasoma kwa sauti ya kazi:

"Hamsini na moja nukta nne sifuri."

Akasubiri. Akasoma tena, pole pole zaidi, akidhani sikusikia. Nikairudia. "Hamsini na moja nukta nne sifuri." Nikaiandika kwenye daftari la kazi, kwa mazoea, chini ya mpaka wa ndugu watatu. Imebidi niikate kwa mstari na kuweka sahihi pembeni, kama kanuni inavyotaka.

"Ya nini hii, bosi?" akauliza.

Nikamwambia ni utafiti.

Jumanne, 11 Machi

Bega.

Jumatano, 12 Machi

Bega bado. Mke wangu ananichua kwa dawa inayonuka mpaka mteja wake aliyekuja kujaribu sketi akauliza kama kuna mgonjwa ndani. Kuna mgonjwa ndani, akajibiwa.

Ijumaa, 14 Machi

Binti alipiga simu kutoka mjini anakofanya kazi. Alikuwa kwa wakwe jana. Habari ya tisini imeshakua. Huko sasa mimi natupa mita mia. Nilimuuliza nani kasema mia. Akasema, "Baba, tisini na mia si ni yale yale?"

Mtoto wa mpima ardhi huyu. Damu yangu.

Baada ya simu nikamwambia mke wangu ukweli wote, hadi nukta nne sifuri. Hakushangaa hata kidogo, na hiyo ilinichoma kuliko kucheka. Akasema wateja wake wote wanamtajia kiuno cha mwaka walioolewa. Yeye habishani nao. Anachukua futi, anazungusha, anaandika anachokiona, na gauni likiisha mteja anafurahi na kusema, unaona, nilikuambia.

"Na usipozungusha futi?"

"Basi gauni linapasukia ukumbini."

Nikamwambia kisahani si gauni. Akasema kweli, gauni lina faida.

Tumelala tukiwa tumenuniana kidogo. Yaani mimi nimenuna. Yeye alikuwa amesinzia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi dukani. Nilizunguka nje mara mbili kwanza, kama mwanafunzi aliyefukuzwa anayetaka kurudi darasani. Ndani kulikuwa na mteja, nikajifanya ninaangalia filimbi. Nimejua mengi kuhusu filimbi.

Alipoondoka nikasema: "Natupa hamsini na moja nukta nne."

Mama mwenye duka akaweka chini alichokuwa ameshika. "Umepima?"

"Nimepima kwa mashine."

"Tangu nifungue duka hili," akasema, "wewe ni wa kwanza kunitajia nukta."

Akanipeleka nyuma ya duka, kwenye kiwanja kitupu, na visahani vitano mikononi. Akanieleza kama anavyomweleza mtu mzima. Chini ya mita sitini, namba kumi na tatu ni adui. Chukua sita au saba, ukingo mwembamba, vidole vizunguke. Na chepesi – gramu mia na hamsini na kitu, si mia na sabini na tano – maana mkono wa kawaida unakiharakisha chepesi. Na kiwe cha aina inayopenda kuinama kulia kidogo ikiondoka, ili kule mwisho kinaporudi kushoto miinamo hiyo miwili ifutane. Hilo la kufutana nililielewa mara moja. Ni kama kusahihisha mashine.

Nikatupa vinne. Vizuri, vizuri, hivi hivi, vizuri. Cha tano kilikuwa namba saba, chepesi kuliko vyote. Kikatoka mkononi bila mimi kuhisi nimefanya kazi. Kikaenda – sijui niandikeje – kikaenda mbele. Kikainama kulia kidogo, kama anayempisha mtu njiani, kikarudi, kikaendelea kuelea wakati mimi nilishajua kimeanguka. Kikatua kwenye nyasi taratibu.

Nikamwambia ngoja nirudie. Nikarudia. Mara sita.

Kimebaki cha rangi moja tu dukani. Waridi. Si waridi ya kujificha – waridi ya kuonekana kutoka barabara ya pili. Na katikati, namba 7, kubwa kama namba ya nyumba.

Nimekichukua. Nimekibeba nyumbani ndani ya koti.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe ataiona hiyo saba. Hapo ndipo penye taabu. Tisini iliyogeuka mia haitupwi kwa saba.

Baada ya chakula cha mchana nilijifungia bafuni na msasa. Nikafikiri tena: nikiifuta saba, kitabaki kisahani chenye kidonda katikati. Nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika moja mbele ya saba. Kumi na saba. Nikaitazama, nikaridhika, nikajiona mtu mwenye akili.

Kisha nikakumbuka ule ukuta wa dukani. Hakuna kumi na saba duniani.

Nimetumia dakika arobaini kuifuta ile moja. Mke wangu akagonga mlango, akauliza kama naumwa tumbo. Nikasema ndiyo. Nikaletewa dawa ya tumbo. Nimeinywa.

Jumamosi, 22 Machi

Uwanjani asubuhi, mshika fito kajitolea kuja. Mitupo kumi, tumepima yote na kurudia kwa sauti, wastani mita 61, wa mbali kabisa 63.20. Zote katikati ya uwanja. Saa nne mlinzi akarudisha kiti chake mahali pake pa zamani. Nilimpungia mkono. Naye akapunga.

Mshika fito akauliza kama utafiti umeisha. Nikamweleza yote, mpaka mkwe na mia. Akafikiri sana, akiegemea fito.

"Bosi, si uwaambie tu sitini na tatu? Sitini na tatu si kidogo."

Kwa mtu wa miaka hamsini na mbili mwenye presha, si kidogo. Najua. Tatizo ni kwamba haiko tena mikononi mwangu. Ile namba imehamia kwa watu.

Jumatano, 26 Machi

Binti kaja jioni kujaribu gauni atakalovaa Jumamosi. Mama yake alikuwa amepiga magoti anapima pindo, mimi nimekaa pembeni. Binti akasema, kwa furaha, kwamba kule sasa wanasema mia na kumi.

Nikamuuliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, kwa nini wanazungumza sana juu ya mkono wangu. Akacheka kwanza. Halafu akaacha kucheka.

Akasema kwao wanapenda kujisifu. Si kwa ubaya, ndivyo walivyo. Mezani kila mtu ana jambo lake: huyu kafanya hili, yule kashika nafasi ya kwanza, mzee mwenyewe ana vikombe kabatini. Wakamuuliza, na baba yako? Akasema anapima ardhi. Wakasema ahaa. Wakahamia kwenye habari nyingine.

"Nilikosa pa kushika, baba. Ulipotaja zile mita, angalau nikapata kitu cha kuweka mezani."

Mama yake hakuinua kichwa. Alikuwa anaangalia pindo. Lakini mkono ulisimama.

Hapo ndipo ningesema. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Badala yake nikamwambia gauni limempendeza. Na kweli limempendeza. Limekaa sawasawa mwilini, hakuna mahali linapovuta.

Nimemsindikiza mpaka kituoni. Njiani alinishika mkono, ule ule wa mia na kumi.

Ijumaa, 28 Machi

Nimefungasha kumi na tatu na saba. Nimetoa saba. Nimerudisha saba. Nimetoa kumi na tatu. Mke wangu kasema nikifungua ule mkoba mara nyingine ataushona.

Nimebeba vyote viwili.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekaa kwenye benchi kando ya uwanja wa wakwe, naandika kwenye daftari mapajani. Vikapu tisa vimekwisha, bado tisa. Niandike haraka.

Mkwe ni mrefu, mweupe kichwani, anaongea kama bado kengele inalia. Ana mkoba wa visahani wenye magurudumu. Nimehesabu ishirini na viwili. Alinikumbatia, akaniita mwenzangu, akawaambia watu wote leo mtaona mambo. Mkewe ndiye anayeandika mitupo. Binti yangu na kijana wake wanatembea nyuma yetu wameshikana mikono. Mke wangu yuko na mwavuli, ananitazama kama anavyotazama mshono ambao hana uhakika nao.

Kikapu cha kwanza, mkwe akatoa kisahani cheusi chenye radi. Kumi na tatu. Akapiga hatua tatu za kucheza, akazungusha mwili, akatupa kwa mguno. Kikaondoka vizuri, mbele kabisa. Kisha kikakata kona kushoto.

"Upepo," akasema.

Hakukuwa na upepo. Mwavuli wa mke wangu ulikuwa haujatikisika.

Nikatia mkono kwenye mkoba. Vidole vilikuta kumi na tatu kwanza. Nikakisukuma pembeni, nikatoa saba. Watu wakaona ile waridi. Shangazi mmoja wa upande wao akakohoa. Nikatupa. Kikainama, kikarudi, kikatua katikati ya njia.

"Anatupa kwa kujizuia," mkwe akawaeleza. "Wenye nguvu huanza hivyo."

Kikapu cha pili, kushoto, upepo. Cha tatu, kushoto, upepo. Cha nne kisahani kimeteleza. Cha tano, upepo. Kila kilipokata kona mimi nilijua kitaangukia wapi kabla hakijaanguka. Njia ile naijua kama ya kwangu. Baada ya vikapu nane nilikuwa mbele kwa mitupo sita. Mkewe akaacha kusoma matokeo kwa sauti.

Kwenye cha tisa kisahani chake mkwe kikaingia kichakani. Tukaenda kukitafuta, mkwe na mimi tu. Tukainama, tukapekua majani. Kilikuwa mbele ya kiatu chake. Niliona. Naye aliona. Hakukiokota.

"Mkwe," akasema, safari hii kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyefunga mlango wa ofisi. "Mia na kumi. Ni kweli?"

Miaka ishirini na sita ya kazi ikanitangulia mdomoni.

"Sitini na tatu nukta mbili sifuri," nikasema.

Akarudia, pole pole, bila mimi kumwambia: "Sitini na tatu nukta mbili sifuri." Nilitaka kumkumbatia.

"Mimi sijapimwa," akasema. "Nilipokuwa kijana labda nilifika tisini. Shuleni walikuwa wanasema mia na ishirini, sikuwakatalia. Ukiwa mwalimu mkuu watu wanakuongezea. Nimekuja kustaafu, namba ikagoma kustaafu." Akaokota radi yake, akaipangusa udongo. "Ile yako ya waridi ni namba ngapi?"

"Saba."

"Saba." Akaigeuza geuza midomoni. "Wanauza wapi?"

Nikamweleza. Nikamweleza na habari ya gramu, na habari ya kulia na kushoto kufutana. Alisikiliza kwa makini, mikono nyuma. Akaniomba akishike kile cha waridi. Nikampa, akakishika, vidole vikazunguka ukingo vyote. Nikaona mabega yake yanashuka.

Tulipotoka kichakani, walikuwa wameshapanga mambo bila sisi. Wazo la kijana: kikapu cha kumi kiko kwenye nafasi ndefu iliyo wazi, kwa hiyo tusicheze kikapu, tutupe tu, kila mmoja mara moja, nani wa mbali zaidi. Akapima kwa hatua. Akaweka kofia kwenye tisini, kiatu kwenye mia na kumi, kikoi kwenye mia na ishirini. Watu wakabeba viti.

Nawaona kutoka hapa. Wote wamekaa kuanzia kwenye kofia na kuendelea, pande mbili, kama wanaosubiri maandamano yapite. Shangazi amekaa kwenye kikoi kabisa, ametoa simu kupiga picha. Mke wangu peke yake amesimama karibu zaidi, kwenye kama sitini hivi, mwavuli umefungwa. Binti yangu yuko kwenye mia na kumi. Amesimama juu ya kiti ili aone vizuri.

Mkwe yuko kando yangu, anajifanya anafunga kamba za viatu. Amefunga mara tatu. Ameniuliza naandika nini, nimemwambia mahesabu.

Kisahani kinachotufaa ni kimoja, kile cha waridi. Kiko magotini kwake.

Anasema nianze mimi, kwa kuwa ni mgeni. Nimemwambia aanze yeye, kwa kuwa ni mkubwa. Anasema labda twende kwanza tukaongee nao. Nimesema ndiyo, twende. Hakuna aliyesimama.

Wanatuita mara ya pili. Binti yangu anapunga mikono yote miwili. Nafunga daftari, nasimama.